Nyumba Isiyofuka Moshi

Mzee Clementi Makongoro hakuwa mtu wa watu. Tuliseme hilo mapema, maana wapo wanaodhani kila mpweke ni mpole aliyeonewa na dunia. Makongoro hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mbishi, mwenye ulimi mkavu, na ukimwendea asubuhi na salamu iliyokaa vibaya alikuharibia siku nzima.

Miaka yake ya nguvu aliimalizia Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akisukuma marobota na kufagia vumbi jeupe lililomganda mpaka kwenye nyusi. Aliporudi kwao Butiama alirudi mgane. Dafroza, mkewe, alikuwa amekufa kabla hawajapata nafasi ya kuzeeka pamoja kama walivyopanga, na binti yao wa pekee, Pelagia, alikuwa ameolewa huko Kisorya kwa wavuvi, ana watoto wake na shida zake. Mzee akaingia kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi aliyoiacha Dafroza, akafungua dirisha, akakohoa. Kikohozi hicho alikuwa amekibeba kutoka kiwandani, kama wengine wanavyopewa saa ya ukutani wakistaafu.

Jambo moja tu alilifuata kama mkewe alivyoliacha: moto. Katikati ya nyumba palikuwa na mafiga, na kwenye mafiga gogo la mgunga lililofuka usiku na mchana. Dafroza hakuwahi kuuacha moto ule uzimike, basi na yeye hakuuacha. Ulimpa joto usiku, maana pale Butiama mwezi wa sita na wa saba baridi ya alfajiri huingia magotini mwa mzee na kukaa humo mpaka jua lipande.

Na moto ule ulimletea watu. Ilikuwa ile miaka ya uhaba, ya katikati ya themanini, sabuni ikikatwa kwa uzi na wali ukipikwa kwa wagonjwa tu. Kibiriti kilikuwa hakionekani. Aliyekuwa nacho alikificha mvunguni na kukana mbele ya shemeji yake. Kwa hiyo asubuhi na jioni majirani walikuja kwa Makongoro, kila mmoja na kigae chake mkononi, kuomba moto. Na kwa watu wa pale moto hauombwi ukiwa umesimama mlangoni. Unaingia, unachuchumaa karibu na mafiga, unasema habari za kwako, unaulizwa za wagonjwa na za mifugo, ndipo unachagua kaa lako na kwenda zako.

Aliyekuja kila siku bila kukosa alikuwa Nyangi, mama wa makamo wa nyumba ya jirani, mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani.

"Tata, umeamka?" alikuwa akipiga kelele akiwa bado njiani. Tata ni baba, na ndivyo wote walivyomwita mzee.

"Nikisema sijaamka utarudi?"

"Sirudi. Mimi nataka moto."

"Moto, moto! Mnanimalizia kuni. Kila siku mnakuja kama mna mkataba."

Nyangi alikuwa akicheka, akichuchumaa, akimpa habari zote za kijiji, nani kajifungua, nani kagombana na mkwewe, ng'ombe wa nani kaingia shimoni. Mzee alisikiliza akiwa amegeuza uso ukutani ili asionekane anasikiliza. Nyangi alipoondoka, nyumba ilibaki na habari za kutafunwa mchana kutwa. Hivyo ndivyo alivyoishi. Ukimuuliza angekuambia watu wanamchosha. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine yeyote aliyeingia kwenye nyumba ile isipokuwa waomba moto.

Kikohozi kikazidi. Usiku kilimkunja mpaka akashika nguzo. Akaenda zahanati, na mganga, kijana mwenye haraka, akamwekea sikio kifuani, akatikisa kichwa.

"Mzee, wewe umekula vumbi la pamba maisha yako yote. Sasa unalala na moshi. Ukiendelea hivi, mwaka mwingine hutauona."

"Nikizima moto nitakufa kwa baridi."

"Basi tafuta joto lisilo na moshi," mganga akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Alisema tu, kama watu wanavyosema neno la kumwondoa mtu mlangoni. Lakini Makongoro alikuwa mbishi, na mbishi ukimwambia jambo lisilowezekana umempa kazi.

Nyuma ya ghala la pamba la ushirika lilikuwapo lori lililokufa kwa kukosa vipuri. Halikuwa na matairi wala injini, limebaki kichwa na vioo. Mlinzi wa ghala, Felisian, alikuwa na desturi ya kujibanza humo asubuhi za baridi, na siku moja Makongoro akitoka zahanati aliingia naye humo ili wavute tumbaku pamoja. Mlango ulipofungwa, mzee akahisi joto limemwingia mpaka mifupani. Nje watu walipita wamejikunyata ndani ya makoti, na humo kwenye kichwa cha lori Felisian alikuwa amevua shati.

"Hili joto linatoka wapi?" mzee akauliza.

"Jua hilo. Linaingiaga kwenye kioo, halafu linashindwa kutoka."

Makongoro akakipapasa kioo. Kiwandani alikuwa ameona jinsi hewa ya moto inavyopanda juu na kukimbilia tundu lolote litakaloipa njia. Akili ikaanza kumtembea. Kabla ya jioni alikuwa amemwomba Felisian kioo cha mbele, kile kizima, na kile kikombe kinachong'aa cha ndani ya taa. Felisian akaguna, akasema mali ya ushirika, akatazama huku na huku, kisha akaenda kutafuta spana.

Mbao alizifuata Musoma. Mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, palikuwa na mitumbwi iliyooza, na mvuvi mmoja akamruhusu abomoe ubavu wa mtumbwi wake uliokwisha kustaafu. Alirudi nazo juu ya lori la mahindi, zimemnukisha dagaa mwili mzima. Mabati hayakuwapo madukani, kwa hiyo akapasua madebe matupu ya mafuta, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Rangi nyeusi nayo haikuwapo. Akakwangua masizi ya nyumba yake mwenyewe, kwenye dari na chini ya vyungu, akayakoroga na uji mzito wa muhogo, akapaka madebe mara mbili. Mbuzi wa jirani walikuja kuyalamba, na matusi waliyopata siku ile hayafai kuandikwa hapa.

Kasha likakamilika: refu kama kitanda, ubao nyuma, madebe meusi ndani, kioo mbele, na pembeni palipovuja akaziba kwa pamba chafu na udongo. Akaliegemeza kwenye ukuta wa kaskazini, kwa sababu jua la miezi ile ya baridi hupita upande huo. Akatoboa ukuta mahali pawili. Tundu la chini lilivuta hewa ya baridi ya sakafuni, ikapita kwenye madebe ikichemka, na tundu la juu likairudisha ndani. Hapo chini ya tundu la juu, kando ya kitanda, akarundika mawe ya mtoni ili yanywe joto mchana na kulitoa usiku.

Siku ya kwanza mchana aliweka kiganja kwenye tundu la juu, akakiondoa kwa haraka. Hewa ilikuwa ya moto kweli. Ilinuka dagaa, nyumba nzima ilinuka mwaloni, lakini ilikuwa ya moto. Akaangua kicheko peke yake.

Usiku kasha likamgeuka. Jua lilipokwisha, mambo yalikwenda kinyumenyume: kasha likapoa na kuanza kuinyonya hewa ya ndani na kurudisha baridi tupu sakafuni. Aliamka anatetemeka, akapapasa gizani mpaka akafahamu, akaziba matundu kwa magunia. Kesho yake akatengeneza vifuniko vya ngozi ya mbuzi, akawa anafungua jua likitoka na kufunga likizama. Mawe yakabaki na uvuguvugu mpaka jogoo wa kwanza. Magoti hayakumuuma tena. Basi akachukua maji, akamwagia gogo la mgunga.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado amelala, kwa mara ya kwanza bila kukohoa, aliposikia vishindo na vilio. Pale nyumba isiyofuka moshi asubuhi ni nyumba ya msiba. Watu walikuwa wamelitazama paa la Makongoro, hawakuona kitu, wakaacha vyungu na kuja mbio. Nyangi alikuwa mbele, kanga begani, machozi tayari.

"Tata! Tata wee! Umetuacha!"

Makongoro akatoka na blanketi. "Nani amekufa?"

Wakapigwa na butwaa. Kisha wakaanza kucheka, wengine wakalia na kucheka kwa pamoja, na Nyangi akamshika mikono yote miwili kama anayehakikisha kwamba ni nyama na mifupa. Mzee alitazama uani kwake, akaona watu wamejaa kama siku ya arusi, na furaha ikamjaa. Aliwapeleka nyuma ya nyumba. Jua lilipopanda akawaingiza ndani wawili wawili, waweke mikono kwenye tundu.

"Mzee amefungia jua kwenye sanduku!"

"Sasa mkoa huu wa Mara na joto lake lote, unatengenezaga joto lingine?"

"Mbona linanukaga dagaa?"

Alijibu maswali yote, akawakosoa wote, akawaita wajinga kwa furaha. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu arudi. Na hapo, ulimi wake ukiwa umelegea kwa raha, ndipo alipolisema lile neno.

"Kuanzia leo hapa kwangu hakuna moto! Mmenisikia? Vigae vyenu pelekeni kwingine. Nimechoka kusumbuliwa."

Zamani akisema maneno kama hayo Dafroza alicheka kwa sauti, na wageni wakajua ni maneno tu. Sasa hapakuwa na wa kucheka. Watu wakatazamana. Neno la mzee ni neno la mzee. Nyangi akasema, "Sawa, tata. Tumesikia," wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Walimtii. Balaa lilikuwa hapo, walimtii kabisa. Moto wakaanza kuuomba kwa Lukresia, bibi mmoja aliyeishi ng'ambo ya njia, na asubuhi Makongoro akiwa kitandani kwenye uvuguvugu wake aliwasikia huko wakicheka. Sauti ya Nyangi ilivuka njia yote. Maneno hayakusikika vizuri, ila kicheko. Alikuwa akinyanyua kichwa kwenye mto ili apate angalau jina la aliyegombana na mkwewe.

Yeye mwenyewe alikula mara moja, saa za mchana. Alikielekeza kile kikombe cha taa ya lori kwenye jua, akashikilia nyasi kavu katikati mpaka zikashika, akapika ugali wake kwenye mafiga ya nje, akazima. Jioni alikula kiporo. Afya yake ilirudi. Alinenepa kidogo hata. Mganga wa zahanati alimpongeza, akamuuliza alifanyaje, na kabla hajamaliza kueleza akamwita mgonjwa mwingine.

Mtu anaweza kuwa na joto na bado akawa na baridi, na Makongoro aliijua baridi hiyo vizuri. Jioni alifunga vifuniko vyake vya ngozi, akaketi akitazama rundo la mawe. Mawe yakipoa hutoa milio midogo, na mara nyingine alijikuta akiyajibu. "Eeh," alisema. "Unasemaje?" Kisha aliona aibu, ingawa hapakuwa na wa kumwonea aibu. Kwenda kwa Lukresia kuchuchumaa na wanawake alfajiri, mzee mzima, asingeweza. Alimkumbuka Felisian, akaenda mpaka ghalani, akakuta ghala limefungwa, lori limekatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu, na Felisian ameshahama, hakuna anayejua wapi. Akarudi nyumbani. Alikuwa mpweke, na sasa alilijua hilo kwa jina lake.

Majira ya baridi yakapita, mvua zikapita, baridi nyingine ikaja. Asubuhi moja alilala akisikiliza kicheko cha ng'ambo, akaamua. Afadhali kukohoa.

Mchana ule akawasha nyasi kwa kikombe chake, akaingiza moto ndani, akaweka gogo jipya la mgunga kwenye mafiga ya Dafroza. Akafagia. Akasogeza vigoda karibu. Akachimbia mihogo kwenye majivu, ili atakayechuchumaa apate cha kutafuna. Moshi ukapenya kwenye nyasi za paa, ukapanda ukionekana na kila mtu. Alilala usiku huo kwa roho juu kama bwana arusi.

Alfajiri alikuwa amekaa tayari, shati safi, uso ameutazamisha mlangoni. Hakuja mtu. Akajiambia hawajaona. Jioni akaongeza kuni mbichi ili moshi uwe mzito zaidi, akakohoa mpaka machozi, akatoka nje kuutazama jinsi unavyopanda. Ulipanda vizuri sana. Kesho yake pia hakuja mtu, wala kesho kutwa. Mihogo aliichimbua ikiwa makaa, akachimbia mingine. Usiku kikohozi kilimkunja kama zamani, akashika nguzo, na kilipotulia akatega sikio, labda kuna mtu njiani.

Alikuja Nyangi hatimaye, jua limeshapanda, akitokea upande wa barabara kubwa. Hakuwa na kigae. Alikuwa na kikapu kichwani, na ndani ya kikapu sabuni nzima isiyokatwa, chumvi, na kitenge kipya. Akasimama mlangoni, akaupunga moshi kwa mkono.

"Tata, utajiua na huu moshi."

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Moto upo." Alikuwa amekwisha kunyanyuka kumpa kigoda.

"Nimeuona. Siku zote hizi tunauona. Tunasemaga, masikini tata, amerudia moshi kwa sababu hana kibiriti." Akatia mkono kikapuni, akatoa kibiriti kimoja, kipya, bado kina harufu ya rangi ya karatasi, akamwekea kiganjani. "Chukua. Siku hizi viko tele. Hujaenda kwenye duka la Mniko? Ni ruksa sasa, kila kitu kipo. Kila nyumba ina chake, hata mimi nina viwili. Nani anaombaga moto tena?"

Makongoro alikitazama kile kibiriti. Dukani hakuwa amekwenda muda mrefu. Alizoea kwamba dukani hamna kitu. Na hakuwapo mtu wa kumpa habari.

"Hata kwa Lukresia hamwendi?"

"Kwa Lukresia tunaenda kupiga soga tu. Hana neno yule." Nyangi akajitwisha kikapu vizuri. "Nizimie huo moto, tata. Tumia sanduku lako la jua. Lilikuwa zuri."

"Nyangi." Akakiweka kibiriti chini. "Huu moto sikuuwasha kwa ajili ya kupika. Niliuwasha ili mje."

Mama yule akamtazama. Macho ya mzee yalikuwa yanatoka machozi, na moshi ulikuwa mwingi.

"Tata," akasema polepole, "si ulitukataza? Tulijua hututaki. Ungetuita tu. Tungekuja."

Kisha akasema ameacha watoto peke yao na mboga jikoni, akaahidi atapita siku moja, akashuka njia.

Makongoro akazima moto. Akafungua vifuniko vya ngozi, akatoka na kusimama kando ya njia. Ungetuita tu. Neno lilimchoma, kwa sababu lilikuwa rahisi kiasi kile. Maisha yake yote hakuwa amemwita mtu kuja nyumbani kwake, hata mara moja. Wageni wote waliowahi kula kwake waliitwa na Dafroza. Yeye kazi yake ilikuwa kunung'unika wakishafika. Akasimama pale akijaribu kimoyomoyo maneno ambayo watu huyatumia, karibu, pita, njoo tukae, na kila neno aliliona geni mdomoni, lakini aliazimia. Atakayepita wa kwanza, awe nani, atamwita.

Aliyepita alikuwa Lukresia, akiwaswaga mbuzi wake kuelekea malishoni. Alikuja polepole, akatabasamu kutoka mbali, akapunguza mwendo alipomfikia kama mtu asiye na haraka ya kwenda kokote. Makongoro akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

"Hawa mbuzi wako," akasema, "mbona wamemaliza muhogo wangu?"

Tabasamu la bibi likazimika. "Nisamehe, tata. Sikuona. Nitawafunga kamba."

Akawapiga fimbo mbuzi wale mmoja baada ya mwingine, akapita haraka bila kugeuka nyuma. Mzee akabaki amesimama kando ya njia. Shamba lake lilikuwa pale mbele yake, na mbuzi wale hawakuwa wamegusa hata jani.